Shamba Lisilo na Mtoto wa Kurithi

Anayelima mpunga Chimala anajua maji yake yanakotoka: juu huko Kitulo, kwenye milima ambayo barabara ya Matamba inaipanda kwa kona 57. Yanakokwenda hajali sana, maana yakishapita banio la jirani wa chini si yake tena. Lakini yanakwenda mbali. Yanaingia bonde la Usangu, yanatuama Ihefu, yanatokea Ng'iriama yakiwa Ruaha Mkuu, yanakatiza hifadhi, yanapokea Ruaha Mdogo uliopita Iringa na Kalenga, kisha yanafika Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma. Kwenye vilima vya jirani na Kalenga ipo misheni ya Tosamaganga. Ukivuka Mtera ukaendelea na barabara ya kwenda Dodoma, kabla hujaingia mjini unaikuta misheni ya Bihawana. Zote mbili zililelewa na mapadre wa Kitaliano. Zote mbili ziliishi kwa jembe. Na ya pili ndiyo iliyowapa Watanzania mzabibu.

Miaka ya karibuni imekuwa ya sherehe kwa watu wa nyumba hizi. Mwaka 2019 Wamisionari wa Consolata walitimiza miaka 100 tangu waingie Iringa. Mwaka 2022 ilitimia karne moja tangu Iringa ipewe hadhi ya jimbo la kitume. Tarehe 20 Oktoba 2024 mwanzilishi wa Consolata, Padre Giuseppe Allamano, alitangazwa mtakatifu mjini Roma, na mwaka 2025 Dodoma nayo ikafikisha miaka 90 tangu kuanzishwa kwake kama jimbo la kitume. Katika kumbukumbu za namna hii hutajwa parokia, shule, hospitali na idadi ya mapadre wazalendo. Shamba hutajwa kwa kupita, kana kwamba lilikuwa ua wa nyuma wa historia. Mimi naliona kuwa ndiyo sebule.

Watu wa Usangu hawahitaji kufundishwa jinsi shamba la mgeni linavyogeuka kuwa la ukoo. Wabaluchi, ambao babu zao walifika bara kwa biashara, ndio waliofungua mifereji mingi ya kwanza ya mpunga katika bonde hili miaka ya 1930 na 1940. Walioa, wakazaa, wakazikwa hapa hapa, na watoto wakagawana majaruba. Hiyo ni njia ya damu, nayo inaeleweka kila mahali. Kule Italia yenyewe ipo familia ya Antinori wa Firenze, iliyojiandikisha katika chama cha wauza mvinyo mwaka 1385 na haijaacha biashara hiyo mpaka leo. Wanahesabu vizazi 26. Kwa karne sita usukani ulishikwa na wanaume. Sasa umeangukia mabinti watatu, na mkubwa wao ndiye rais wa kampuni. Antinori wana shamba, jina, nyumba ya mawe ya karne ya 15 na watoto wa kuwaachia.

Mapadre wa Tosamaganga na Bihawana walikuja na nadhiri ya useja na nadhiri ya ufukara. Hawakuwa na mke, hawakuwa na mtoto, na kwa mujibu wa kanuni zao hawakuwa hata na shamba, kwa kuwa lilikuwa la shirika. Walipanda miti wakijua hakuna mwana wa kuikata. Swali la historia hii ni dogo tu: ni nani aliyewarithi?

Tosamaganga ilianza kabla ya Waitaliano. Tarehe 30 Oktoba 1894 jeshi la Wajerumani liliiteka ngome ya Mkwawa, mtwa (mtawala) wa Wahehe, pale Kalenga, naye akaingia msituni kupigana vita ya kuvizia hadi Julai 1898 alipojiua ili asikamatwe. Katikati ya miaka hiyo, damu ikiwa bado mbichi, Wabenediktini wa Kijerumani kutoka St. Ottilien walifungua misheni kwenye kilima cha Tosamaganga. Si bahati kwamba walichagua mahali pa jirani na ngome iliyoanguka. Mahali penye watu wengi, maji na udongo mzuri ndipo mtawala hujenga, na ndipo padre naye hutaka kujenga.

Vita Kuu ya Kwanza iliwaondoa Wabenediktini hao. Uingereza iliposhika Tanganyika iliwafukuza wamisionari wa Kijerumani, na vituo vikabaki na makatekista na waumini bila padre. Waliokuja kuziba pengo walitoka Nyeri, Kenya. Wamisionari wa Consolata walikuwa wamefika kwa Wakikuyu mwaka 1902, wakapokelewa Tuthu na Chifu Karuri wa Gakure. Wakati wa vita mapadre na masista wao walihudumia wapagazi katika hospitali za jeshi la Waingereza. Sista Irene Stefani, ambaye Wakikuyu walimwita Nyaatha na ambaye alitangazwa mwenye heri Nyeri mwaka 2015, aliuguza wapagazi hadi Kilwa na Lindi. Basi mwaka 1919 Roma ilipotafuta watu wa kuishika Iringa, hawa walikuwa jirani, walijua Kiswahili cha kambini, na serikali ya Uingereza haikuwa na ugomvi nao. Mwaka 1922 Francesco Cagliero akawa mkuu wa kwanza wa jimbo jipya, makao yakiwa Tosamaganga.

Hapa inafaa kusema walikuwa watu wa namna gani, kwa sababu shamba hufanana na mwenyewe. Allamano alizaliwa mwaka 1851 Castelnuovo d'Asti, kijiji cha vilima vya Monferrato katika mkoa wa Piemonte, kaskazini mwa Italia. Ni kijiji kile kile alikotoka mjomba wake, Mtakatifu Giuseppe Cafasso, na katika eneo hilo hilo ndiko alikozaliwa Don Bosco. Ni nchi ya mizabibu. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka mandhari ya mizabibu ya Piemonte, Monferrato ikiwamo, katika orodha ya urithi wa dunia. Sasa tazama upande wa pili. Shirika lililopewa Dodoma mwaka 1935 ni la Wapasionisti, na mwanzilishi wake, Mtakatifu Paulo wa Msalaba, alizaliwa mwaka 1694 Ovada. Ovada nayo iko Monferrato, katika vilima vile vile upande wa kusini. Waanzilishi wawili, mmoja wa karne ya 18 na mwingine wa karne ya 20, mashirika mawili yasiyofanana kwa mtindo wa sala wala kwa rangi ya kanzu, wote chimbuko lao ni nchi ambayo mtoto hujifunza kupogoa kabla ya kujifunza kusoma. Sidai kwamba ndiyo sababu ya Dodoma kuwa na zabibu. Nasema tu kwamba mbegu ya mazoea ilikuwapo.

Allamano alitaka wamisionari wake waipende kazi ya mikono na waiheshimu. Kwa hiyo pamoja na mapadre walitumwa mabruda: mafundi seremala, waashi, wahunzi, watu wa kinu na wa bustani. Wageni wa Tosamaganga hutazama kanisa, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa kanisa kuu la jimbo kabla ya kiti cha askofu kuhamia Kihesa mjini Iringa. Wachache hujiuliza matofali na vigae vilichomwa na nani, mbao zilipasuliwa na nani, na wapasuaji walikula nini.

Walikula cha shamba. Misheni ya miaka ile ilikuwa kijiji ndani ya kijiji. Kulikuwa na wanafunzi wa bweni, wagonjwa, yatima, masista, vibarua, na baada ya muda masista wazalendo wa Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, ambao watu wa Iringa huwaita Wateresina. Fedha kutoka kwa shirika lao huko Torino ilikuwa ndogo, na ilichelewa kwa meli na reli. Asiyelima angefunga shule katikati ya muhula. Mahindi, maharage, ngano, viazi, mboga za kwao na za kwetu, ng'ombe wa maziwa, nguruwe, miti ya matunda na mikaratusi ya kuni: ukipita misheni yoyote ya zamani ya Nyanda za Juu Kusini utayakuta mabaki ya orodha hiyo, hata pale ambapo mzungu wa mwisho alikwisha zikwa.

Na tuseme wazi, sehemu kubwa ya jembe hilo ilishikwa na watoto. Kazi ya mikono ilikuwa kwenye ratiba ya shule ya misheni kama hesabu na katekisimu. Wazee waliosoma misheni hulisimulia jambo hili kwa njia mbili katika pumzi moja: kwanza wanalalamika, halafu wanajisifu kwamba ndiyo iliyowafanya watu. Sioni haja ya kuwachagulia. Ila mwandishi wa historia ya kumbukumbu ambaye husifu vigae bila kutaja mgongo uliobeba udongo anaandika tangazo.

Shamba lilikuwa na sababu nyingine, isiyohusu tumbo. Sheria ya Kanisa Katoliki inadai mkate wa misa uwe wa ngano tupu, na divai iwe ya zabibu halisi, isiyoharibika. Siyo togwa, siyo ulanzi, hata kama ulanzi ndio kinywaji cha heshima kwa Mhehe. Padre aliye Tosamaganga, Madibira au Bihawana alihitaji vitu viwili hivyo kila siku ya maisha yake. Ngano haikuwa tatizo kubwa, kwa kuwa baridi ya Nyanda za Juu inaipenda. Divai ndiyo iliyokuwa kamba shingoni. Ilitoka ng'ambo, ndani ya mapipa na chupa, ikavuka bahari, ikapanda treni, ikapanda lori.

Kisha tarehe 10 Juni 1940 Italia ikaingia vitani upande wa Ujerumani, na kwa siku moja kila Mtaliano katika makoloni ya Uingereza akawa raia wa nchi adui. Bahari ya Mediterania ikawa uwanja wa mapigano. Kenya ikajaa mateka wa Kitaliano waliokamatwa Ethiopia na Somalia. Wao ndio waliojenga kanisa dogo la Mai Mahiu mwaka 1942, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, walipokuwa wakitengeneza barabara. Iringa nayo ilipokea wageni wa vita hiyo hiyo, lakini Wapolandi: wakimbizi waliowekwa Ifunda na Kidugala. Nchi ndogo, dunia nzima ndani yake. Kwa padre wa Kitaliano aliyekuwa bara, vita ilikuwa somo la uchumi: unachoagiza ng'ambo si chako.

Bihawana ni nchi tofauti na Tosamaganga kwa kila kitu ila mapadre. Ugogo ni mkavu. Dodoma iko mita 1,100 na kidogo juu ya usawa wa bahari, na kwa mwaka mzima hupata mvua kama milimita 570, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Mtama, uwele na ng'ombe ndivyo vilivyowaweka Wagogo hai, na njaa zao wamezipa majina kama watu wengine wanavyowapa watoto. Mmisionari aliyetoka Italia angeweza kuitazama nchi hiyo akakata tamaa. Wapasionisti waliiona kwa jicho la mkulima wa zabibu: udongo usiotuamisha maji, jua jingi, hewa kavu isiyolea ukungu. Kufikia katikati ya karne iliyopita mizabibu ilikuwa imeshika Bihawana, na kutoka hapo ikaanza kuvuka uzio.

Mzabibu kwa Wataliano ni mti wa majira. Kipupwe kikifika hupukutisha majani na kulala, na mkulima huupogoa ungali usingizini, ukaamka wenyewe majira ya kuchipua yakifika. Dodoma hakuna kipupwe cha namna hiyo. Ukiuacha, mzabibu hautalala kabisa; utatambaa, utatoa majani na matunda ya ovyo ovyo mpaka uchoke. Kwa hiyo kinachouamsha si majira bali kisu. Mkulima akipogoa leo, siku hiyo ndiyo mwaka mpya wa mti. Miezi kama minne mbele atavuna. Hapo ndipo Ugogo ulipowazidi walimu wake: mavuno mara mbili kwa mwaka. Moja huja karibu na Machi, mvua zikiwa bado zipo, na hilo ni la mashaka, kwa sababu unyevu huleta ubwiri na tunda huwa na maji kuliko sukari. La pili huja Agosti na Septemba, mbingu ikiwa kavu, na hilo ndilo tamu. Antinori, pamoja na miaka yao 600, huvuna mara moja.

Kupogoa kuna tokeo moja ambalo halimo kwenye hati ya shamba lolote. Kila anayepogoa hubaki na rundo la vitawi miguuni. Kitawi chenye macho matatu au manne, kikichomekwa kwenye udongo wenye unyevu, ni mzabibu mpya, sawa na mama yake kwa kila hali. Ng'ombe wa misheni huwezi kumpeleka nyumbani bila kuitwa mwizi. Kinu huwezi kukibeba. Kitawi kilichotupwa hakina mwenyewe. Kibarua aliyefundishwa wapi pa kukata, amekwisha fundishwa pia kilichokatwa kinafaa nini. Ndivyo mizabibu ilivyotoka kwenye mashamba ya mapadre ikaingia Mpunguzi, Matumbulu, Mbabala, Hombolo na vijiji vingine vinavyouzunguka mji. Hakukuwa na wosia wala mahakama ya mirathi. Warithi walijichagua wenyewe, kwa kuinama na kuokota.

Serikali nayo iliokota. Magereza walipanda zabibu Isanga, Dodoma. Baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, zabibu ikawa zao la mji mkuu mtarajiwa. Kampuni ya umma ya mvinyo, DOWICO, ikajengwa ili kununua na kusindika, na Makutupora pakawekwa kituo cha utafiti wa zabibu, ambacho leo ni sehemu ya taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI. Kituo hicho ndicho kilicholeta utaratibu katika kile ambacho hadi hapo kilikuwa mazoea. Aina nyekundu inayopandwa zaidi na wakulima imebeba jina la Makutupora yenyewe, jambo ambalo mapadre wa mwanzo wasingelitabiri: mzabibu wa Kizungu wenye jina la Kigogo.

Wakati huo huo mashamba ya misheni yenyewe yalikuwa yakibadilika mikono. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizifanya shule za mashirika kuwa za serikali, na sekondari ya Tosamaganga ni ya serikali hadi leo. Ukiifikiri kwa jicho la mkulima, sheria hiyo ilifanya jambo ambalo wanahistoria wa elimu hawalitaji: iliondoa kwa pamoja midomo iliyolishwa na shamba na mikono iliyolilima. Shamba lililopimwa kwa ajili ya mamia ya wanafunzi likabaki na masista, yatima na wagonjwa. Kwa miaka hiyo hiyo uongozi wa Kanisa ukapita kwa wazalendo. Iringa, baada ya Askofu Attilio Beltramino aliyefariki mwaka 1965, ilimpata Mario Mgulunde. Dodoma, baada ya Anthony Pesce, ilimpata Matthias Isuja mwaka 1972, na akaiongoza hadi mwaka 2005. Viwanja, mabanda na mashamba vikawa mali ya majimbo. Mabruda wa Kitaliano waliobaki walizeeka mmoja mmoja, na wengi wamelala kwenye makaburi ya misheni pamoja na makatekista waliofanya nao kazi.

Ningependa kuandika kwamba kuanzia hapo mambo yalinyooka. Hayakunyooka. DOWICO ilianguka pamoja na mashirika mengine ya umma wakati wa mageuzi ya uchumi, na mkulima wa zabibu akagundua ukweli mchungu kuhusu zao lake. Mtama usiponunuliwa utaula. Mpunga wa Chimala utaukausha, utauweka ghalani, utasubiri bei. Zabibu ikikatwa mtini ina siku chache tu. Aliyefika na lori ndiye mwenye bei, na kama hakuna lori, kuna nyuki. Wengi waling'oa mizabibu yao na kurudi kwenye mtama; wengine waliendelea kuuza kwa ndoo na vifuko kwenye stendi na vituo vya treni, ambako hadi leo msafiri wa Dodoma hununua bila kushuka.

Mizabibu ilirudi kwa nguvu mwanzoni mwa karne hii, na safari hii Mtaliano aliyehusika hakuvaa kanzu. Kampuni ya Cetawico, iliyoanzishwa na mwekezaji kutoka Italia, ilijenga kiwanda Hombolo na kuanza kununua kwa wakulima wa pale, Syrah na Chenin Blanc zikiwa pamoja na Makutupora. Nyanda za Juu nazo zilipata Waitaliano wa aina hiyo mpya. Shirika la CEFA la Bologna, ambalo chimbuko lake ni vyama vya ushirika vya wakulima wa kule, lilijenga umeme wa maji Matembwe na baadaye likasaidia kiwanda cha maziwa cha Njombe, kilichotengeneza jibini za Kitaliano kwa maziwa ya wafugaji wa vijijini. Madaktari wa CUAMM kutoka Padova wamefanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Tosamaganga. Hawa huja kwa mkataba, huondoka mkataba ukiisha, na huandika ripoti. Mapadre wa mwanzo walikuja kufa. Sisemi wapi pana wema zaidi. Lakini anayekuja kufa hupanda miti ya aina nyingine.

Je, urithi umekamilika? Mimi nasema nusu. Kazi ya shambani tumeirithi yote. Mkulima wa Mpunguzi anajua kupogoa kuliko mtaalamu aliyesoma vitabuni: anajua jicho gani litatoa kishada na lipi litatoa majani matupu, anajua kupiga salfa dhidi ya ubwiri kabla haujaonekana, anajua mchwa wanaanzia upande gani wa nguzo. Wanawake wa Ugogo, ambao hawamo katika picha yoyote ya mapadre wenye ndevu, wamebeba maji ya kumwagilia mizabibu michanga kwa miaka isiyohesabika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inawapa haki sawa ya kumiliki. Baraza la kijiji na la ukoo ndiyo yanayoamua kama haki hiyo itafika shambani. Familia ya Antinori ilichukua karne sita kufika kwa mabinti. Sisi hatuna sababu ya kuchukua muda huo.

Nusu nyingine ni ya ndani ya kiwanda, na hiyo haikuvuka uzio. Kusindika kunahitaji mambo ambayo kibarua hakufundishwa, ama kwa sababu hakuulizwa, ama kwa sababu chumba cha divai kilikuwa na ufunguo mmoja. Zabibu zikishasagwa, sukari yake huanza kugeuka kileo, na mchakato huo hutoa joto. Italia ya Septemba au Oktoba usiku ni baridi, na pango la chini ya ardhi hufanya kazi ya jokofu bure. Dodoma joto la mchana likiongezewa joto la kuchacha, chachu hufa kabla ya kazi kwisha, na kinachobaki huelekea kuwa siki. Ndiyo maana kila mazungumzo ya kweli kuhusu zabibu ya Dodoma huishia kwenye matangi: matangi ya chuma kisichoshika kutu, yenye kupozwa, na umeme wa kuyapoza. Mwenye tangi ananunua zabibu kwa kilo na kuuza kwa lita. Asiye na tangi anangoja.

Kwa hiyo hatua iliyochukuliwa na vikundi vya wakulima, ya kusaga zabibu zao na kuuza kile ambacho Dodoma nzima inakiita mchuzi wa zabibu, ni kubwa kuliko inavyosikika. Mchuzi unakaa. Ukiwa ndani ya tangi, unaweza kumwambia mnunuzi arudi wiki ijayo. Viwanda vikubwa vya Dar es Salaam huununua kwa ajili ya mvinyo wao, na serikali iliusukuma mlango huo ilipotoza ushuru mdogo kwa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake zimelimwa nchini. Hiyo ni sera adimu inayomfikia mtu wa jembe moja kwa moja, kwa sababu inamfanya mwenye kiwanda amtafute yeye badala ya kuagiza ng'ambo.

Siku hizi wapo vijana wa Dodoma waliosomea usindikaji, na baadhi yao wameanza viwanda vidogo majumbani, chupa mia kadhaa kwa msimu, lebo zikiwa zimechapwa mjini. Mvinyo wao hauna sifa moja. Upo mzuri, na upo ambao ni juisi yenye hasira. Wanakosea kwenye usafi wa vyombo na kwenye joto, makosa yale yale yanayomsumbua kila anayeanza, awe Ovada au Hombolo. Mapadre wazalendo wa majimbo haya nao bado wanahitaji divai kila asubuhi, kwa sharti lile lile la zabibu halisi isiyoharibika, na sasa ipo ya nyumbani. Chupa iliyosindikwa Dodoma inasafiri kwa basi kupitia Mtera na Iringa hadi parokia za Njombe na Mbeya, ikiipita Chimala njiani. Katika kijiji cha Hombolo, msimu wa Agosti, mzozo wa bei kati ya wakulima na wanunuzi huendeshwa na watu ambao babu zao walilipwa kwa siku kupogoa shamba la misheni, na siku hizi wanakuja mkutanoni wakiwa na mizani yao.